Kioo Kiko Kwako, Programu Iko Ng'ambo

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita Morogoro, mbele ya mafundi wa kompyuta na wanafunzi. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziondoa, na sidhani kama kuna atakayezililia.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, wanafunzi: hamjambo? Nimepangwa kuzungumza kabla ya chakula, na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Najua nashindana na nani.

Nianze kwa swali. Nani kati yenu amewahi kukaa mbele ya kompyuta hii akaendesha programu iliyoko kwenye kompyuta ile? Sisemi kusoma tovuti, wala kuandika amri kwenye kile kidirisha cheusi. Nasema programu yenye madirisha yake, vitufe vyake na menyu zake, inayofanya kazi mji mwingine huku wewe unaiona hapa. Naona mikono mingi. Sasa, wangapi kati yenu mliifurahia? Aa, mikono imeshuka yote. Basi tuko pamoja.

Leo nina swali moja, nitalirudia mpaka mnichoke: nini kinasafiri? Kuna kompyuta mbili na njia katikati. Nini kinapita kwenye njia hiyo? Mtu asiyejiuliza swali hili hubaki kulaumu mtandao, akabadilisha laini ya simu, akanunua bando kubwa zaidi, na programu ikaendelea kuganda vilevile.

Twende Marekani, mwaka 1984. Chuo cha MIT, pamoja na kampuni za DEC na IBM, kilikuwa na mradi ulioitwa Athena wa kuwatandazia wanafunzi kompyuta chuo kizima. Shida yao mnaijua: mashine za aina mbalimbali, kila kampuni na mtindo wake, na mwanafunzi anataka kufanya kazi yake tu bila kujali programu imelala kwenye mashine ipi. Bob Scheifler na Jim Gettys wakashika mfumo wa madirisha uliotoka chuo cha Stanford, ulioitwa W, wakaugeuza. Baada ya W inakuja herufi gani? X. Ndilo jina, hakuna siri nyingine. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na ndilo tunaloliita X11 hadi leo. Wengi wenu humu ni wadogo zake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa watu hujikwaa, na mimi nilijikwaa vibaya. Nikiwa kijana nilikwenda kwenye usaili wa kazi. Mzee mmoja akaniuliza: "Wewe umekaa hapa na kompyuta yako ndogo. Programu inaendeshwa kwenye mashine kubwa, kule chumba cha baridi. Seva ya X iko wapi?" Nikajibu kifua mbele: "Iko kule chumba cha baridi, mzee." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kazi sikuipata.

Seva ilikuwa wapi? Ilikuwa mbele yangu! Tuulizane: seva ni nani? Ni yule mwenye kitu ambacho wengine wanakifuata kwake. Mama lishe ana jiko na sufuria, kwa hiyo wateja wanamfuata yeye, hata kama mteja ni mkurugenzi mwenye gari la milango minne. Kwenye X kinachofuatwa ni kioo, kibodi na kipanya. Vitu hivyo viko kwako. Ile programu, hata iwe kwenye mashine ya ukubwa wa kabati la nguo, ni mteja anayekuja mlangoni kwako kupiga hodi: naomba dirisha la upana huu, nipakie rangi nyeupe hapa, niandikie neno Hifadhi pale, na mtu akibonyeza naomba uniambie.

Nini kinasafiri, basi? Maelekezo. Kinachopita njiani ni maneno ya kuelekeza mchoro, na mchoro wenyewe unachorwa kwako. Ukitaka kujaza rangi moja kwenye mstatili, hata mstatili wenyewe uwe kioo kizima, ombi lake ni baiti 20. Ishirini! Ujumbe wa kumwomba rafiki vocha ni mrefu kuliko huo. Wale watu wa 1984 hawakuwa wajinga. Ishikeni namba hiyo, tutairudia.

Lakini nimesema mteja anapiga hodi mlangoni kwako. Je, wewe unamfungulia nani?

Kuna ofisi moja, sitaitaja, niliwahi kufanya kazi miaka mingi iliyopita. Mashine zote zilikuwa zinaongea X moja kwa moja kwenye mtandao wa ndani. Kila kioo kina mlango wake, poti 6000. Programu inajua iende kioo kipi kwa kusoma jina lililoandikwa kwenye kigeugeu, yaani kisanduku cha kuwekea thamani, kiitwacho DISPLAY. Jamaa yetu mmoja alikosea tarakimu moja ya anwani. Akafungua mchezo wa karata, akasubiri, hauonekani. Akafungua tena. Akafungua mara ya tatu. Ghafla tukamsikia mkurugenzi anaita kutoka chumba cha pili: "Nani ananiletea karata?" Michezo mitatu imejipanga kwenye kioo chake, juu ya barua ya bajeti.

Mnacheka. Na sisi tulicheka. Lakini fundi wetu mkuu hakucheka. Alituita kwenye meza yake, akaandika amri moja, akatuambia tutulie. Kwenye kioo chake zikaanza kutokea herufi, moja moja. Zilikuwa ni herufi anazoandika mkurugenzi wakati ule ule, chumba cha pili. Jamani, chumba kilinyamaza.

Kumbe mtu alikuwa ameandika xhost na alama ya kujumlisha, akiamini ameondoa usumbufu. Amri ile inasema: mlango wazi, yeyote aingie. Na kwenye X, mgeni akishaingia hakai sebuleni. Anaweza kupiga picha ya kioo chote, kusikiliza kila kitufe unachobonyeza, na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. X ilizaliwa chuoni, kati ya watu waliojuana. Kuna ufunguo, namba ya siri ya biti 128 inayokaa kwenye faili lako la Xauthority, nao waliupa jina la kibiskuti cha kichawi, hivyo hivyo mnavyosikia. Ila ufunguo huo ukisafiri kwenye waya bila kufichwa, anayesikiliza njiani anauchukua.

Mwaka 1995, kwenye chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Ufini, mtu alitega mtego kwenye mtandao akanasa nywila za watu. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akakaa chini akaandika SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia njia iliyofichwa, kama handaki. Sisi tunaijua SSH kama njia ya kufikia kile kidirisha cheusi, lakini angalieni alichokifikiria mapema: madirisha ya X nayo yapite ndani ya handaki lile lile. Unaandika ssh, unaweka alama ya -X, unafika kule, unaita programu, na dirisha linatokea kwako. Ukichungulia DISPLAY kule ng'ambo utakuta localhost:10.0. Programu inadhani kioo kiko jirani yake, kumbe inaongea na mdomo wa handaki. Na kile kibiskuti inachopewa kule ni bandia. SSH inakibadilisha na cha kweli ikifika upande wako. Mimi ufundi huu bado unanifurahisha, na nina mvi.

Kuna alama nyingine, -Y. Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ukiuliza watu kwenye vikundi vya simu watakwambia tumia -Y, inafanya kazi. Ndiyo, inafanya kazi. Herufi X inamweka mgeni sebuleni: vitu vingi anakatazwa, ndiyo maana programu nyingine zinalalamika na kufa. Herufi Y inamkabidhi funguo za vyumba vyote. Na wanaotumia Linux za Debian na Ubuntu wajue kwamba huko, kwa mipangilio inayokuja nayo, hata -X inatenda kama -Y. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: yule mwenye mamlaka ya juu kwenye mashine ya ng'ambo, unamwamini kiasi cha kumwandikia nywila yako ya benki huku amekaa begani kwako? Kama humwamini, usimfungulie X.

Sasa tuje kwenye umbali. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi watu wa pilau.

Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu hii ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini. Tulikuwa tunatazama juu, kwenye setilaiti. Kipindi hicho nilikuwa Kanda ya Ziwa, nawahudumia watafiti waliokuwa na akaunti kwenye kompyuta kubwa ya chuo kimoja cha Ulaya. Programu yao ya kuchora grafu ilikuwa kule. Mama mmoja, daktari wa mambo ya samaki, alikuwa anabonyeza ile programu ifunguke, anainuka, anakwenda kuchemsha chai, anarudi na kikombe, na menyu ndiyo kwanza inachomoza. Akaniambia: "Mwanangu, hebu tuongezee kasi." Tukaongeza. Taasisi ikalipa fedha nyingi. Programu ikafunguka kwa muda ule ule! Mama akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu.

Kwa nini? Setilaiti za namna ile hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Swali linapanda, linashuka Ulaya; jibu linapanda, linashuka kwetu. Safari nne za 36,000 ni kilomita 144,000. Nuru yenyewe, isiyo na foleni wala askari wa barabarani, inahitaji karibu nusu sekunde. Hiyo ni kwa swali moja na jibu moja.

Nani humu ameshawahi kuwa mshenga? Wewe mzee pale, bila shaka. Upande wa kijana uko Tanga, upande wa binti uko Bukoba. Mshenga mwenye akili anakwenda na kila kitu: salamu, barua ya posa, maswali yote ya mahari, na ruhusa ya kupatana. Mshenga mzembe anasafiri Bukoba kuuliza mahari ni kiasi gani, anarudi Tanga. Anapanda basi tena kuuliza kama wanapokea kwa mafungu, anarudi Tanga. Anapanda tena kuuliza na blanketi la bibi je. Huyu, hata mkimnunulia basi la ghorofa lenye viti mia, atawahi? Basi kubwa ndilo lile bando tuliloongeza. Tatizo halikuwa ukubwa wa basi, lilikuwa idadi ya safari.

Programu nyingi za X ni mshenga mzembe. Itifaki yenyewe, yaani lugha ya X ya maombi na majibu, haina kosa. Maombi mengi hayahitaji jibu, unayatuma mfululizo na kuendelea. Lakini maktaba ya zamani, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao waandishi wa programu huutumia, Xlib, ilimzoesha mwandishi wa programu kuuliza jambo, kusimama, kusubiri jibu, kisha kuuliza jingine. Hebu tuchukulie programu inauliza maswali 300 kabla haijajionyesha. Kwa nusu sekunde kila moja, ni dakika mbili na nusu. Chai imechemka. Mikongo ilipofika mwaka 2009 na 2010, swali na jibu kwa njia ya kilomita 10,000 likawa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu kwenye nyuzi za kioo za mkongo nuru hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Maswali yale 300 sasa ni sekunde 30. Nafuu kubwa, lakini hebu kaeni sekunde 30 mkitazama dirisha tupu. Baadaye ikaja maktaba ya XCB, inayomruhusu mwandishi kutuma maswali yote kwanza na kukusanya majibu baadaye. Ndiye yule mshenga mwenye akili. Mwandishi anatakiwa tu akubali kumtumia.

Nikumbusheni ile namba. Baiti ngapi? Ishirini. Vizuri.

Leo hii, ndugu zangu, programu nyingi haziombi tena mstatili. Zinataka herufi laini, vivuli, kona za mviringo, vitu ambavyo X ya 1987 haikuvijua. Zinajichorea zenyewe kule kule zilipo, halafu zinatuma picha iliyokamilika. Nini kinasafiri sasa? Rangi ya kila nukta. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080, kila nukta baiti 4, zidisheni: ni baiti 8,294,400. Zaidi ya MB 8 kwa picha moja, isiyobanwa. Bando la GB 1 linatosha picha 120 tu. Kioo kinachojichora upya mara 60 kwa sekunde kinalimaliza kwa sekunde mbili. Kutoka baiti 20 hadi milioni nane! Halafu kijana ananiambia X ni mbovu. Tumeibebesha mizigo ambayo haikuundiwa.

Basi kama ni picha zinasafiri, si bora tukubali hivyo na tuzisafirishe kwa akili? Kuna watu walikubali, na hadithi yao inaanza na birika la kahawa.

Mwaka 1991, maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti wengi, birika moja, kwenye chumba kilichoitwa Trojan Room. Mtu anatoka ghorofa nyingine, anashuka ngazi, anakuta birika tupu. Mnacheka, lakini mnajua uchungu huo. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaandika programu ya X iliyoonyesha kipicha kidogo cha rangi ya kijivu kwenye pembe ya kioo cha kila mtu. Kilibadilika kama mara tatu kwa dakika, na inatosha; kahawa haikimbii. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye wavuti ikawa maarufu dunia nzima, na kamera ikazimwa mwaka 2001.

Huyo huyo Stafford-Fraser, miaka michache baadaye, alikuwa kwenye kundi la maabara ya Olivetti pale pale Cambridge lililotengeneza VNC. Nayo msingi wake ni uleule wa birika: piga picha ya kioo cha ng'ambo, peleka vipande vilivyobadilika tu, vibane kwanza, na upande wa pili uombe kipande kingine pale unapokuwa tayari kukipokea. Mtandao ukiwa mzito, unapata picha chache zaidi, basi. Hakuna maswali 300.

Lakini faida kubwa ya VNC kwetu sisi si hiyo. Faida yetu ni umeme.

Nilimwona mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mtu mzima na watoto wake, analia kwenye ngazi za jengo. Aliendesha ukokotoaji wa siku tatu kwa dirisha lililopitishwa kwenye SSH. Siku ya tatu, asubuhi, umeme ukakatika nyumbani kwake. Mashine ya ng'ambo ilikuwa na umeme wake, haikuzima. Lakini kioo kilizima, na mteja wa X akikosa seva yake anakufa. Mlango ambao alikuwa anaongea nao umetoweka, aongee na nani? Siku tatu zikaenda na upepo. Angekuwa na VNC, kioo cha programu kingekuwa kule kule ng'ambo, yeye angekuwa mtazamaji tu. Umeme ungerudi, angefungua tena na kukuta kazi inaendelea. Au angetumia Xpra, inayokaa katikati na kumshikia mteja wa X mkono hadi wewe urudi, na ambayo kwa maoni yangu watu hawaitumii vya kutosha.

VNC msiifungulie mlango wa 5900 kwa dunia nzima, tafadhali. Ipitisheni ndani ya SSH. Wenye mashine za Windows mna RDP, njia yao ya kuona kioo cha mashine ya mbali, ambayo ilianza na Windows NT 4.0, toleo la Terminal Server, mwaka 1998. Inachanganya maelekezo na picha zilizobanwa, na kwa laini mbovu mara nyingi inaishinda VNC. Nasema hivyo ingawa moyo wangu uko Linux.

Kuna dada alinivuta pembeni asubuhi akaniuliza: X si inakufa? Wayland je? Swali zuri. Wayland, mfumo mpya wa madirisha unaochukua nafasi ya X, ilianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na kwa makusudi haikuweka mtandao ndani yake. Programu na msimamizi anayepanga madirisha kwenye kioo wanagawana kumbukumbu ya mashine moja, kwa hiyo kwa msingi wake wako chini ya paa moja. Hoja yao ni ile ile niliyowaeleza: kama picha ndizo zinazosafiri, kazi ya kuzisafirisha apewe mwingine. Anayetaka dirisha moja kutoka mbali anatumia Waypipe, kupitia SSH kama kawaida. Mgeni mmoja kusikiliza vitufe vya mwenzake, kama alivyofanyiwa mkurugenzi wetu, Wayland hairuhusu. Na ile -X mliyoizoea bado inafanya kazi, kwa sababu ndani ya Wayland inaendeshwa seva ya X kwa ajili ya programu za zamani. Kwa hiyo dada, haijafa. Imehamia chumba cha uani.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, na mimi natazama sufuria. Mkitoka kula, msiondoke. Kompyuta yangu ya nyumbani iko Tegeta na nimeiacha imewaka. Nitaiingia kwa -X kutoka hapa kupitia simu yangu, niite ile programu ya xeyes, macho mawili makubwa yanayofuata kipanya. Nitakizungusha kipanya hapa Morogoro, na nyie mtahesabu kwa sauti macho yanachelewa kiasi gani kugeuka.